UZI: Kurusha shoka ukumbini kama shughuli ya kikundi. Someni kabla kamati haijalipia

#1 Mnyalu_wa_Brampton

Wakuu, heshima kwenu.

Baridi ikishika kasi huku Ontario, kamati za vyama vyetu huanza kuhangaika. Watu wakutane wapi, wafanye nini? Nyama choma haiwezekani, theluji iko magotini. Boling tumecheza mpaka tumeichoka. Ndiyo maana siku hizi kila kikundi utasikia kimeenda kurusha shoka: watu wa ofisini, vijana wanaomuaga bwana harusi, wanakwaya, hadi akina mama wa kuchangiana. Chama chetu nacho kimeenda juzi kati, naleta mrejesho. Naona kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanauliza, wanajibiwa "ni nzuri" au "ni hatari", basi, mjadala umefungwa.

Kwa ambaye hajawahi kuona: ni ghala limegawanywa vyumba vyumba kwa uzio wa waya. Kila chumba kina mbao mbili za shabaha ukutani, zimechorwa miduara. Unasimama kwenye mstari, futi 12 hivi kutoka kwenye ubao, yaani mita tatu na nusu na ushee. Kishoka chenyewe kidogo, mpini wa mti, kichwa hakifiki hata kilo. Unakipeleka juu ya kichwa, unakiachia, kinajizungusha mara moja hewani, kinajikita. Au hakijikiti, kinaanguka sakafuni kwa kelele na wenzako wanakucheka.

Mchezo huu kwa sura hii ya ukumbini ulizaliwa hapa hapa Toronto. Mwaka 2006 jamaa anaitwa Matt Wilson alianzisha ligi na rafiki zake uani kwake, ndiyo hiyo BATL mnayoisikia. Uani hapakutosha, wakahamia maghalani, biashara ikavuka mpaka hadi Marekani. Mwaka 2016 likaundwa shirikisho la kusimamia sheria, leo linaitwa IATF. Mwaka uliofuata wakaibuka wengine, WATL, na sheria zao. Kwa hiyo msishangae mkienda kumbi mbili mkakuta pointi hazifanani. Kwa IATF katikati ni pointi 5, duara linalofuata 3, la nje 1. Kwa WATL katikati ni 6.

Sasa nilichokuja kusema. Raha ya siku hiyo haiko kwenye shoka. Iko kwenye hesabu ya watu kwa kila ubao. Kamati yetu ililipia chumba kimoja, mbao mbili, kwa watu wa kujaza Hiace. Wanaorusha kwa wakati mmoja ni wawili tu. Kila mmoja anarusha mara tano, na kila baada ya mrusho wote wawili wanakwenda kuchomoa pamoja, wanarudi mstarini. Piga hesabu mwenyewe: zamu yako ikipita unakaa dakika ishirini na zaidi hujagusa shoka. Saa ya kwanza watu wanashangilia. Saa ya pili wamezama kwenye simu. Wawili walitoka wakaenda kukaa kwenye gari lenye pilau, na pilau lilirudi limepungua.

Bahati nzuri watu wa chumba cha jirani wakaishiwa muda wao, kocha wa ukumbi akatufungulia. Hapo ndipo shughuli ilipoanza kweli. Tukagawanyika, kila ubao ukawa na watu wanne watano, zamu zikawa zinazunguka. Kuna mzee wetu mmoja wa Bukoba alikuwa amekaa na koti lake muda wote, anasema yeye kaja kusindikiza. Watu walipopungua upande wake akasimama. Mrusho wa kwanza mpini ukagonga ubao, shoka likaanguka. Wa pili vilevile. Kocha hakumgusa mkono wala hakumwambia aongeze nguvu. Alimwambia tu, "Rudi nyuma nusu hatua." Akarudi nusu hatua, koti bado analo, akarusha: twaa! Duara la pili. Kuanzia hapo tulikuwa tunamnyang'anya shoka.

Bei: ukumbi tulioenda ilikuwa kama dola 50 za Kanada kwa kichwa, ongeza HST, kodi ya mauzo ya huku, asilimia 13. Si pesa ndogo kwa familia. Kwa hiyo kabla hamjalipa muulizeni mwenye ukumbi swali moja, "Tukiwa idadi hii mtatupa mbao ngapi?" Akijibu kwa kuzunguka, hamieni pengine.

Karibuni tujadili.

#2 Mwana_Makete

Aiseee. Dola 50 kurusha shoka? Kwetu Makete shoka unapewa bure, na kuni zisipotimia chai hunywi. Mngemwambia bibi yangu kwamba kuna watu wanalipa ili warushe shoka kwenye mbao nzima, angewaombea.

#3 Mnyalu_wa_Brampton

Mkuu, nilijua tu utatokea mtu wa Nyanda za Juu. Nikupe siri: waliopasua kuni utotoni ndio waliosumbuka zaidi siku ile, na mimi nimo. Kwenye kuni unakandamiza shoka lishuke kwa nguvu, na mwishoni unavunja kiwiko na kiganja. Hapa ukivunja kiganja shoka linazunguka kupita kiasi. Mikono inyooke, uachie likiwa usawa wa macho, halafu usilifikirie tena. Nguvu ni ya kusukuma mlango uliorudishiwa tu.

#4 BiTatu_Kibokoni

Assalaam alaykum nyote. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Mississauga. Kikundi chetu cha akina mama kimealikwa kitu hichi hichi mwezi ujao na mabinti zetu ndio wanaotushikilia twende. Nina maswali matatu na nataka majibu ya kweli, si ya kunifurahisha. Moja, buibui na mtandio havitanasa? Pili, nasikia huko pombe ni kama maji, sitaki kukaa palipo na watu walevi wameshika mashoka. Tatu, mtoto wa miaka kumi na mbili anaruhusiwa?

#5 Mzee_wa_Kaunta

Bi Tatu, hilo la pombe ndilo linalonishangaza hata mimi nisiye mtakatifu. Bia na shoka! Hata kwenye baa ya kwetu Sinza mtu akilewa tunamnyang'anya kijiti cha pool.

#6 Kocha_Minnesota

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, niko Minneapolis, nafanya kazi ya ukocha kwenye ukumbi wa namna hii jioni na wikendi. Sitataja ni upi. Wacha nijibu kwa mpangilio kwa sababu maswali ya mama ni ya maana kuliko mengi ninayoulizwa na wateja.

Mama, shikamoo. Buibui si tatizo, tatizo ni mikono mipana. Shoka linapita juu ya kichwa na karibu na sikio, kwa hiyo mtandio ubanwe kwa pini nyuma ya shingo usiachwe ukaning'inia begani, na mikono ya buibui ikunjwe au ibanwe kwa mpira wa nywele. Nimewahi kuwahudumia akina mama wa Kisomali wengi tu, wamevaa vyao kamili, na walirusha vizuri. Ninachokataa mlangoni ni viatu vya wazi. Ndala, sandali, viatu vya kisigino kirefu, hapana. Shoka likianguka linaangukia miguuni, halianguki kichwani.

Pombe inategemea ukumbi na sheria za mji. Kuna kumbi haziuzi kabisa, kuna zinazouza bia na mvinyo tu, kuna zilizo baa kamili. Piga simu uulize, na ukipenda omba saa za asubuhi ya Jumamosi au Jumapili. Saa hizo hata penye baa huwa hakuna mlevi. Sisi tuna amri ya kumsimamisha mtu anayeyumba, hata kama ndiye bwana harusi. Wananuna, lakini hawarushi.

Umri: kila ukumbi una wake na kila bima ina yake. Wengine wanakubali watoto wakiwa na mzazi, wengine hawataki aliye chini ya miaka kumi na nane. Mzazi atasaini fomu ya kwamba ameelewa hatari. Isomeni ile fomu, jameni. Watu wanasaini huku wanapiga selfi.

Sasa niongeze langu. Watu wanaogopa makali, na makali siyo ya kuogopwa. Shoka butu ndilo baya, kwa sababu halishiki mti, linadunda. Kinachotupa kazi ni shoka linalorudi. Linarudi kwa sababu kubwa mbili: mtu karusha kwa hasira, au mbao zimechoka. Mbao zetu ni laini, zimesimamishwa wima ili makali yaingie sambamba na nyuzi za mti. Jioni moja yenye watu wengi ile ya katikati inakuwa imeliwa kabisa, imekuwa makapi, shoka halina pa kushika. Tunaing'oa tunapigilia nyingine. Kabla ya wateja kuingia tunazinyunyizia maji, mti ulioloa unafunguka na kushika. Mkiingia ukumbini mkaona ubao umechimbika shimo katikati na hakuna anayejali, semeni. Mna haki ya kuomba ubadilishwe.

Na angalieni sakafu mbele ya shabaha. Ikiwa ya mpira unaodunda, simameni mbali zaidi mnaposubiri. Kuna klipu ilisambaa sana miaka ya nyuma, shoka limegonga chini likaruka kurudi kwa dada aliyelirusha, akainama kwa sekunde ile ile. Sisi makocha tunawaonyesha vijana wapya klipu ile siku ya kwanza ya kazi.

#7 BiTatu_Kibokoni

Marahaba mwanangu. Umenijibu kama mtu aliyelelewa. Sasa niambie na hilo la nguvu, maana mimi bega langu moja bovu.

#8 Kocha_Minnesota

Mama, rusha kwa mikono miwili. Shika mpini chini, mkono mmoja juu ya mwingine, usibane sana. Peleka nyuma ya kichwa taratibu, lete mbele, achia. Kama bega haliruhusu kupandisha mikono, mwambie kocha akuonyeshe ya mkono mmoja, ile ya upande wa bega zima. Na ukikosa usijilaumu wala usiongeze nguvu, angalia shoka limegongaje. Mpini ukigonga kwanza, mzunguko haujatimia, rudi nyuma kidogo. Juu ya kichwa cha shoka kukigonga kwanza, limezidi kuzunguka, sogea mbele kidogo. Asilimia kubwa ya kazi yangu ni hayo maneno mawili, rudi na sogea. Mwili wa mtu hauzoei mrusho mpya kwa jioni moja, lakini miguu inaweza kusogea wakati wowote.

#9 Dafu_Msasani

Swali kwa kocha: mashindano yenyewe mnayaendeshaje ili watu wasilale? Maana #1 kaeleza mambo ya kusubiri na mimi nina kikundi cha ofisi cha kuandalia.

#10 Kocha_Minnesota

Kwa wageni kabisa: dakika kama ishirini za mafunzo, kila mtu arushe mpaka angalau shoka lake limenata mara moja. Hiyo siruki. Mtu asiyewahi kunata hawezi kufurahia mechi, atatafuta kisingizio cha kwenda chooni. Baada ya hapo mechi za wawili wawili, kila mtu akutane na kadhaa, halafu mtoano.

Mechi kwa sheria za IATF ni raundi tatu, kila raundi mirusho mitano. Sasa utamu uko kwenye mrusho wa tano. Juu ya ubao kuna vidoti viwili vya kijani, kila kimoja pointi 7. Ukikitaka lazima utangaze kabla hujarusha. Ukitangaza ukakosa, hupati kitu hata kama umeangukia katikati. Hapo ndipo ukumbi mzima unanyamaza halafu unalipuka. Ukipiga vyote bila kosa unapata 81. Msihesabu kuipata. Wakitoka sare kwa raundi, wanakwenda kwenye shoka kubwa, lile la mpini mrefu, na kila aliyekuwa kwenye simu atainua kichwa.

Kwa kikundi cha ofisi usiruhusu bosi apangwe na msaidizi wake raundi ya kwanza. Msaidizi atakosa makusudi na kila mtu ataona.

#11 Kamau_wa_Kasarani

Hehe, hiyo ya bosi ni kweli kabisa. Huku Nairobi tuna vishale, kila baa ya maana ina ubao na ligi yake, na tabia ni hiyo hiyo. Lakini niseme ukweli, vishale vinahitaji miezi mtu ajue kurusha. Mgeni akicheza na mzoefu anachapwa mpaka anaacha. Hii ya shoka naona wote mnaanzia sifuri, hiyo naipenda. Kitu siipendi ni dola 50. Ubao wa vishale unaununua mara moja.

#12 Ndugu_Montréal

Bandugu, mbote. Mimi ni mu-Congolais, naishi Montréal. Mnaongea sana juu ya Toronto, sawa, lakini kurusha chuma chenye kuzunguka si kitu kipya kwa watu wetu. Kule kaskazini-mashariki ya Congo, Wazande walikuwa na kpinga, kisu cha vita cha kurusha, chenye makali yanayotoka pande tatu. Sababu ya yale makali mengi ni hiyo hiyo hesabu ya kocha: kikizunguka hewani, upande wowote utakaotangulia una makali. Hakihitaji "rudi" na "sogea". Mnaweza kuviona katika makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji. Mwenye kisu hicho hakuwa mtu yeyote tu, kilikuwa pia alama ya heshima na kilitolewa hata katika mahari.

Nilienda na wenzangu wa kazini kurusha shoka hapa. Wao walikuwa wanasema sana juu ya Waviking. Nikawaonyesha picha ya kpinga katika simu. Walinyamaza kidogo.

#13 Mwana_Makete

Ndugu wa Montréal umenifuta machozi. Sasa hapo nipo tayari kulipa dola 50, lakini nirushe kpinga.

#14 Kocha_Minnesota

Hapana kaka. Bima yangu inaishia kwenye shoka.

#15 Nesi_Houston

Nami nichangie, mniwie radhi kama nitawapoza. Sipingi mchezo. Ninachoona watu wanasahau ni mwili wa kesho yake. Mtu hajainua mikono juu ya kichwa tangu apake rangi nyumba, anakwenda kurusha mirusho mingi kwa fujo, asubuhi bega limekakamaa. Nyoosheni mabega na viganja kabla. Mwenye mimba aliyefika mbali au aliyefanyiwa upasuaji karibuni amuulize daktari wake, asiulize grupu. Na mtoto mdogo asizurure nyuma ya mstari huku mama yake yuko kwenye zamu, ateuliwe mtu wa kumshika.

#16 Mzee_wa_Kaunta

Mimi bado sijashawishika. Kikundi kikikutana watu wanataka kuzungumza. Nani kaoa, nani kafiwa, nani makaratasi yametoka. Sasa hapo muziki juu, mashoka yanagonga, utasikia nini? Kaeni sebuleni mcheze bao na drafti, chai ipo, maandazi yapo, bure.

#17 Mnyalu_wa_Brampton

Mzee, nakubaliana nawe nusu. Muziki kweli ulikuwa wa kuudhi, chumba cha pili walikuwa na sherehe ya kuzaliwa na spika yao. Tuliomba upunguzwe, ukapunguzwa kwa wimbo mmoja. Ila kuhusu mazungumzo nakataa. Sebuleni wanaume wanakaa upande wao na mpira, akina mama jikoni, vijana chumbani na simu. Mwaka mzima nilikuwa sijaongea na yule mzee wa Bukoba zaidi ya salamu. Siku ile tulipangwa ubao mmoja, na kati ya zamu na zamu alinieleza kazi yake ya zamani ya meli za Ziwa Victoria, mambo ambayo hata wanawe walikuwa hawajayasikia. Wakiwa wanne watano kwa ubao kuna nafasi ya kuongea bila kulazimishana. Wakiwa kumi na wawili hakuna mchezo, na mazungumzo hayapo pia, kuna foleni tu.

Drafti inatosha wawili, wengine wote ni wasemaji wa pembeni. Na unajua wasemaji wa drafti walivyo.

#18 Mzee_wa_Kaunta

Hapo kwa wasemaji umenipata.

#19 Dafu_Msasani

Wakuu, nirudi na jambo langu. Mimi huandaa mabonanza ya makampuni hapa Dar. Kila mwaka ni yale yale, kuvuta kamba, kukimbia na magunia, kukimbiza kuku, mpira wa miguu wa wahasibu dhidi ya masoko, mtu anachanika msuli tunafunga. Nafikiria kutengeneza mbao mbili za shabaha za kuhamishika, niwe naenda nazo kwenye viwanja vya ufukweni. Mbao gani nitumie? Nilifikiria mninga kwa sababu haufi haraka.

#20 Fundi_Mafinga

Mkuu, mninga tena? Hiyo ni pesa ya kutengenezea kitanda cha mwanao. Na ni mti mgumu, kwa maelezo ya kocha hapo juu shoka litadunda likurudie usoni. Mkaratusi nao usiuguse, ukikauka ni chuma. Chukua paini, hizi zetu za Sao Hill. Ni laini, zipo kila yadi, na zikiliwa unabadilisha. Omba mbichi mbichi, zisiwe zimekaushwa kwenye tanuri. Unene usiwe inchi moja, utapasuka siku ya kwanza. Chukua inchi mbili kwa kumi kama unazipata, au mbili kwa nane.

Nyuma weka ukuta wa mbao nyingine umepigiliwa kwa kulala, halafu hizi za mbele zisimame wima juu yake. Zile za mbele zifunge kwa skrubu, usitumie misumari. Ya katikati utaibadilisha kila mara na hutaki kung'ang'ana na nyundo mbele ya wateja. Na hakikisha skrubu haziko ndani ya miduara. Shoka likikutana na skrubu, makali kwaheri.

#21 Kocha_Minnesota

Fundi kasema yote, hasa hilo la skrubu. Niongeze vipimo: uso wa ubao futi nne kwa nne, kitovu cha shabaha kiwe kama futi tano na robo kutoka chini. Pembeni na juu weka uzio, usitegemee kamba na utepe. Ufukweni nina shaka napo, ndugu yangu. Mchanga hauna mstari wa uhakika, mtu anazama mguu na umbali wake unabadilika kila mrusho, halafu kuna watoto na wauza kashata wanaokatiza nyuma. Tafuta sehemu ya sakafu, hata ukumbi wa shule wakati wa likizo.

Mwiko mwingine: shoka halipokezanwi mkono kwa mkono. Aliyemaliza analiweka kwenye gogo au chini, anayefuata analiokota mwenyewe. Na wote wawili wamalize kurusha ndipo yeyote avuke mstari. Watu wa bonanza wana haraka, ukiwaachia hilo siku ya kwanza hutalirudisha.

#22 Dafu_Msasani

Asante sana. Nimepiga hesabu ya mbao na mabanzi ya uzio, inalipa. Ila bima hapa itakuwa kizungumkuti, wakala niliyempigia aliuliza mara mbili kama nimesema shoka.

#23 Nesi_Houston

Na sanduku la huduma ya kwanza liwepo lenye bandeji za kutosha, plasta mbili haziwezi kitu hapo. Na gari la kumkimbiza mtu lijulikane ni lipi kabla ya mrusho wa kwanza, na dereva wake asinywe.

#24 BiTatu_Kibokoni

Sisi tumeshaamua. Tumepata ukumbi usiouza pombe, tumechukua mbao nne kwa watu kumi na saba, Jumapili saa nne asubuhi. Nimewaambia kwamba tukifika tukapewa mbao mbili nageuza na kundi langu lote, na pesa warudishe. Yule binti kwenye simu akacheka akasema ameandika nne.

Mnyalu, mwambie mzee wako wa Bukoba kuna nafasi moja imebaki. Aje na koti lake.

#25 Mnyalu_wa_Brampton

Bi Tatu, mzee nimempigia. Anauliza kama pilau lipo.

#26 BiTatu_Kibokoni

Biriani. Na hakuna wa kukaa nalo kwenye gari.